Aliyekaribishwa Mezani kwa Mama Thailand

Sitaki mtu aniambie nilikuwa nimelewa. Pombe sigusi, na siku hiyo tangu asubuhi nilikuwa na chai ya rangi tu tumboni. Niliyoyaona niliyaona kwa macho haya, jua ndiyo limezama, watu bado wamejaa barabarani. Na aliyepatwa na hayo yuko hai, anaitwa Ami, ukitaka nakupeleka kwake. Ila usije ukamcheka mbele yangu. Tutagombana.

Huyu Ami ni Mchaga, ana duka la viatu vya jumla Kariakoo, mtaa wa pili kutoka sokoni. Mimi nilikuwa nauza suruali mbele ya duka lake. Wenye maduka wengine walikuwa wanatumwagia maji ya deki tuondoke. Yeye alinipa kona ya baraza na kamba ya kutundikia mzigo. Mgambo wakija, ananiingiza ndani na suruali zangu, anafunga mlango, anawaambia hajaona mtu. Sasa niambie, mtu kama huyo utamwacha?

Miaka hiyo biashara ndiyo imefunguka. Kila mwenye duka anataka apande ndege mwenyewe akafuate mzigo nje, Dubai, Bangkok. Ami akapata safari yake ya kwanza ya Bangkok. Hofu yake haikuwa ndege wala lugha, ilikuwa tumbo. Waliomtangulia walimtisha, eti kule utakula tambi zenye pilipili mpaka umwite mama yako. Wakamwambia kuna mama wa Kithai amefungua mgahawa mjini, upande wa Kisutu, nenda ukajizoeze. Na usicheke, wengi walifanya hivyo. Walikuwa wanapita kwa Mama Thailand kama wanavyopita kuchoma sindano ya homa ya manjano.

"Twende mwanangu," Ami akaniambia. "Nikizimia uniburute."

Mgahawa wenyewe ulikuwa chini ya ghorofa la zamani, juu wanakaa wenye nyumba, familia ya Kihindu. Meza za plastiki, feni inayolia, kalenda ya hekalu. Juu ya friji kulikuwa na kijumba kidogo chekundu, kama cha njiwa, udi unafuka mbele yake. Nikajua ni mambo ya sala ya Wahindi wa juu, sikujali.

Mama Thailand mfupi, kandambili mguuni, Kiswahili amekiokota kwa wauza mboga. Akamwangalia Ami.

"Pilipili ya mtoto au ya mwanaume?"

"Ya mwanaume."

"Mke anajua? Ukifa mimi hapana sema na polisi."

Tukacheka mpaka meza ikatikisika. Chakula kikaja. Wali mweupe, kamba wa baharini kwenye tui la nazi, mchaichai, na pilipili kichaa zinaelea juu kama zinaogelea. Harufu ile, jamani! Ami akaonja, machozi yakamtoka, akasema, "Naenda kufa Bangkok." Halafu akachota tena.

Hapo ndipo tukamwona mzee.

Alikuwa meza ya kona, karibu na friji, peke yake. Shati jeupe limefungwa vifungo mpaka kooni. Mbele yake wali, ndizi mbivu, na soda nyekundu imeshafunguliwa, mrija ndani. Hagusi kitu. Anatuangalia sisi. Wala siyo nyuso zetu, anaangalia sahani ya Ami.

Ami amelelewa vizuri. Akasema, "Shikamoo mzee."

Akaendelea kuangalia sahani.

Sasa wewe niambie, mzee gani wa mji huu haitikii shikamoo? Hata akikuchukia atanung'unika marahaba. Damu ikanichemka, nikafungua mdomo nimwulize kama masikio yameziba. Ami akanikanyaga mguu chini ya meza.

"Achana naye. Pengine hasikii." Akamgeukia tena, akamwonyesha sahani kwa mkono. "Karibu chakula mzee."

Wewe na mimi tunajua maana ya hiyo karibu. Unakula, mtu anakuangalia, huwezi kunyamaza, unamkaribisha. Naye anajibu asante, endeleeni. Yameisha. Hakuna anayesogea. Kama kila tuliyemkaribisha angekaa, si tungekufa njaa?

Jikoni kitu kikaanguka, mwiko au sufuria. Mama Thailand akatokeza mlangoni. "Hapana! Hapana karibisha huyo!"

Tulipogeuka, mzee alikuwa ameshakaa mezani kwetu. Sikumwona akinyanyuka. Sikusikia kiti kikivutwa. Niamini.

"Nimekaribia," akasema. Sauti ya kawaida kabisa, ya upole. "Siku nyingi sijakaribishwa."

Akatia vidole kwenye wali wa Ami bila kunawa. Akala. Anakula taratibu, na wali haupungui. Mimi hofu ikinishika huwa natafuna, basi nikachota kijiko kwenye sahani yangu. Hakuna kitu! Pilipili hakuna, nazi hakuna, kama natafuna karatasi iliyolowa. Na mvuke uliokuwa unapanda ukakata.

Mama Thailand alikuwa amesimama palepale mlangoni, hasogei. "Huyo anakula yake," akaniambia mimi, siyo Ami. "Kila siku mimi naweka yake. Rafiki yako hapana kula ya huyo. Hapana!"

Mzee hakumgeukia. Mkono mmoja ukaenda kule kona, na sahani yake ikawa mbele yetu. Usiniulize mkono gani unafika mbali hivyo. Akaisukuma kwa Ami.

"Na wewe onja changu."

Hapo ndipo tuliponaswa. Maana sisi tukikaribishwa na mtu mzima hatukatai hivihivi. Unaonja hata punje moja, usimwaibishe. Ami mkono ukaanza kwenda.

"Ami, acha."

"Naonja tu." Aliongea kama mtu aliye usingizini. "Tusimvunjie mzee heshima."

Heshima gani? Nilimpiga mkono, nikapindua meza. Sahani, soda, mchuzi, vyote chini. Nikamshushia yule mzee matusi ambayo siwezi kuyarudia hapa, mama yangu anaweza kusikia. "Mwenzangu hali chako! Kama una njaa, kula peke yako!"

Mteja mmoja nyuma yangu akasema, "Oya, unamtukana nani?"

Nikaangalia. Kiti kitupu.

Nikamgeukia Ami. Kwenye mdomo wake wa chini kulikuwa na punje moja ya wali. Kabla sijainua mkono, akailamba.

Kesho yake nilirudi kwa Mama Thailand nimejaa hasira, nimepanga kuvunja vitu. Nikamkuta amekaa chini, anaangalia sahani ya kona. "Mimi kuja kupanga nyumba hii, yeye yuko hapa kwanza," akasema. "Namwekea kijumba kile chekundu, nampa kula, anakaa kimya. Leo hataki yangu. Amefuata ninyi." Ningefanya nini? Nilimsaidia kuokota vigae vya sahani za jana, nikaondoka.

Safari ya Bangkok ikafa. Ami akawa anakula hashibi, hasikii ladha, anakonda mpaka wateja wanamwuliza mwenye duka yuko wapi, naye amesimama mbele yao. Hospitali wakampima, hawakuona kitu. Mchungaji wao alikuja akaomba. Mimi nikamleta shehe kutoka Magomeni, akasoma mpaka sauti ikakauka. Mkewe akaniita pembeni akilia. "Shemeji, akikaa kula, kile kiti cha mbele yake nakikuta kimevutwa. Nakirudisha. Nikigeuka kimevutwa tena."

Nikapandwa na hasira. Nikaingia sebuleni nikakalia kile kiti kwa nguvu, nikamwambia Ami, "Kula."

Akatia tonge mdomoni. Akakunja uso.

"Mama Neema," akamwita mkewe, "mbona chumvi imezidi?"

Yule dada alilia jikoni kama vile amefiwa, kumbe ni furaha.

Tangu siku hiyo, kila jioni mimi ndiye ninayekaa kiti kile. Nimeoa, mke wangu ananuna kwamba nina nyumba mbili. Nimepata kazi Mwanza, nimeikataa. Niliumwa malaria nikashindwa kwenda, na nilipopona nilimkuta Ami hawezi kusimama bila kushika ukuta. Akila mbele yangu, ananawiri, anatania, anagombana na mimi kuhusu mpira. Lakini nikuambie kitu ambacho Ami hajui. Nikikaa pale, nyuma ya kiti changu kuna mtu amesimama. Sijawahi kugeuka. Amesimama kama wanavyosimama wateja hotelini wakati wa mchana, meza zimejaa, wakisubiri uliyekaa unyanyuke. Hana haraka. Na mimi siku moja nitakufa, si ndiyo?

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, ukiingia mahali ukamkuta mtu amekaa na sahani imejaa, hali, anaangalia ya wenzake, usijifanye una adabu. Fumba mdomo, kula chako, ondoka. Na kama umeshamkaribisha, basi tafuta mapema mtu atakayekubali kukalia kile kiti maisha yake yote. Mimi usinitazame. Magharibi hii inaingia, na Ami hajala.