Wima kwa Uso Upi

Mhandisi mkuu wa kiwanda cha pampu alibandikwa na mafundi jina la Kawaida, kwa sababu kila alipochoka kufikiri aliandika neno hilo kwenye mchoro. Pembe? Kawaida. Ulaini? Kawaida. Mwandiko wake ulipendeza na suti zilimkaa vizuri. Mkaguzi wa michoro, mwanamke ambaye meza yake ilitazamana na ofisi ya bwana huyo, hakupenda hata kumsikia akikohoa.

Chuki hiyo haikuanzia kazini. Ilianza mkaguzi akiwa bado anavaa sare ya shule, siku baba yake aliporudi nyumbani mchana, sanduku la vifaa begani. Kawaida alikuwa amechora kasha la pampu lenye tundu katikati, akaandika kwamba tundu liwe wima. Wima kwa uso upi, hakusema. Kasha lina nyuso mbili, kitako na mdomo, na hazilingani sawasawa hata ufanyeje. Baba aliuliza, akajibiwa, "Fuata mchoro, mzee." Akapimia kitako, kama mafundi wote wa karakana ile walivyozoea mchoro usiposema kitu. Kumbe kifuniko hukaa juu ya mdomo. Kikakaa upande, pampu zikavuja, na aliyefukuzwa si aliyechora. Tangu hapo mzee akawa mtu wa barazani, anakaza komeo za milango ambazo wala hazijalegea.

Wenzake binti walisoma ili watoke kimaisha. Yeye alisomea michoro ili siku moja amshike Kawaida pabaya.

Siku hiyo ilijileta yenyewe mezani. Kasha jipya, la pampu kubwa ambazo mkurugenzi mwenyewe angekuja kuziona zikijaribiwa. Tundu liwe wima, na kiasi linachoruhusiwa kuinama kimeandikwa vizuri kabisa. Uso wa kupimia, haupo. Kazi yake ilikuwa kuurudisha mchoro na maneno mawili ya kalamu nyekundu: pimia mdomo. Aliutazama, moyo ukacheka. Akatia saini.

Mchana fundi wa zamu akapanda ngazi, mikono imejaa mafuta.

"Dada, samahani. Hili tundu nilisimamishe kwa kitako au kwa mdomo?"

"Fuata mchoro," akamjibu bila kuinua kichwa. Fundi akashukuru, akashuka.

Jioni mkaguzi alimweleza baba yake yote, akitegemea mzee afurahi. "Amekwisha, baba. Safari hii hachomoki."

Mzee akaweka bisibisi chini. "Na anayekata nani?"

"Fundi mmoja tu."

"Alikuja kuuliza?"

Binti akaitikia kwa kichwa.

"Ukamwambiaje, mwanangu?"

Chakula kilimshinda usiku ule. Lakini hasira aliyoilea tangu shule haikuzimwa na swali moja. Alijiambia kwamba mkurugenzi atakuwepo, na safari hii aibu itamfikia mwenyewe.

Siku ya majaribio pampu zikavuja, maji yakaingia mpaka kwenye viatu vya mkurugenzi. Kawaida hakubadilika hata rangi. Akamgeukia fundi. "Ulipimia wapi wewe?"

"Kitako, bosi."

"Mnaona wenyewe," Kawaida akamwambia mkurugenzi, kisha akamrudia fundi. "Kachukue vitu vyako, bwana."

Mkaguzi akasogea mbele. "Fundi aliniuliza, nikamnyima jibu makusudi. Mchoro ni wa mhandisi mkuu, na hausemi pa kupimia. Kasoro niliiona, nikatia saini. Mkitafuta wa kufukuza, tuko wawili, na huyu hayumo."

Mkurugenzi aliuomba mchoro, akausoma mara mbili, viatu vikimlowa.

Mchana huohuo walitoka getini pamoja, Kawaida amekumbatia boksi la vitu vyake, mkaguzi ana mkoba tu. Nyuma yao mashine ya fundi ilikuwa inanguruma.

"Nilikukosea nini mimi?" Kawaida akauliza.

Mkaguzi akamtajia baba yake, fundi wa kasha la kwanza. Kawaida akakunja uso, akatafuta kichwani. "Simkumbuki," akasema, na ilionekana anasema kweli.

Basi mkaguzi akaanza kumsimulia tangu mwanzo: sanduku begani, baraza, komeo za milango. Kawaida akaongeza mwendo, naye akaongeza. Kawaida alipoingia kwenye gari lake na kufunga mlango, mkaguzi akainama, akaendelea kumsimulia kupitia kioo.