Aliyenivuta Sweta Kila Asubuhi

Mimi ni mwongeaji. Sisemi hivyo kwa kujisifu wala kwa kutubu; ndivyo nilivyo, na shuleni kwetu walimu wenzangu huniita Redio. Kwa hiyo nilipochaguliwa kushuka Lushoto mjini kwenye semina ya siku tatu, ya kufundisha watoto wenye matatizo ya lugha, ofisi nzima ilicheka. Hata mimi nilicheka. Lakini nilikuwa na sababu yangu ya kwenda, na hiyo haikuwa ya kuchekesha.

Darasani kwangu, darasa la kwanza, kulikuwa na binti wa miaka saba ambaye hakuwa akisema neno hata moja. Kusikia alikuwa anasikia. Ukimtuma kifutio analeta kifutio. Ningemvumilia kwa mengine yote, ila hakuwa akiamkia. Kwetu mtoto asiyesema shikamoo ni kama amekutukana, na mimi nililelewa na bibi ambaye kwa kosa hilo ulikosa uji. Kila asubuhi watoto walipanga foleni mlangoni, mmoja mmoja, "Shikamoo mwalimu," anaingia. Zamu yake ikifika, yeye alinishika pindo la sweta, akalivuta mara mbili, kisha akainua macho. Nami nilimtoa mkono. "Acha kunivuta. Sema shikamoo, au simama nje." Akawa anasimama nje mpaka nimalize kuita majina. Muhula mzima.

Ijumaa kabla ya semina, mama yake alikuja na jembe begani. "Mwalimu, kama shule yenyewe ni kusimama mlangoni, hata nyumbani tuna mlango. Nitamwacha akae na bibi yake." Nikamwomba anipe wiki moja, na siku ya mwisho ya semina, ambayo ilikuwa ya mazoezi na watoto wenyewe, amlete mjini. Akahamishia jembe bega la pili, akasema sawa.

Mwezeshaji wetu alikuwa binti mdogo, rika la mwanangu wa kwanza, mwenye raba nyeupe ambazo kufikia saa nne zilikuwa nyekundu kwa tope letu. Somo lake la kwanza lilikuwa hili: ukimuuliza mtoto swali, nyamaza, hesabu hadi kumi kimoyomoyo. Usimjibie, usirudie swali. Akatupanga wawili wawili tujaribu. Nilifika nne. Mara ya pili nilifika sita, lakini ikagundulika nilikuwa nahesabu kwa sauti. Watu walicheka mpaka mwezeshaji mwenyewe akatoka nje kuvuta pumzi.

Siku ya pili akatuletea kubwa zaidi: chakula cha mchana bila kusema. Kila mmoja alipewa kadi tano za picha, yaani sahani, chai, chumvi, ndiyo na hapana. Hakuna neno, hakuna kunong'ona, mpaka sahani zioshwe. "Mtakachopitia kwa saa moja," alisema, "kuna mtoto anakipitia kila siku." Tukaona ni mchezo tu.

Jamani! Mwalimu mmoja wa hesabu alitaka pilipili, na pilipili haikuwamo kwenye kadi. Akatoa ulimi, akaanza kuupepea kwa mkono. Mpishi akadhani ameungua, akamletea maji. Akatikisa kichwa, akapepea zaidi. Akaletewa jagi zima. Mimi nilitaka ukoko wa wali. Nilikwangua hewa mpaka mkono ukachoka, nikaongezewa kijiko. Tulikuwa walimu ishirini na kitu, watu wazima, tumejishika mbavu, machozi yanatiririka, na kucheka kimya kunauma kuliko mjuavyo.

Katikati ya vurugu hiyo akaingia mzee mmoja, mwalimu mkuu wa shule ya upande wa Vuga, ambaye asubuhi alikuwa amechelewa gari. Alivaa koti jeusi, akasimama kwenye foleni mbele yangu. Ni mzee wa umri wa baba yangu, na nilikuwa sijamwamkia. Shikamoo ilinijaa mdomoni kama uji wa moto. Kuitema siwezi, kuimeza siwezi. Nikapekua kadi zangu. Nimwonyeshe chumvi? Nimpite kama nguzo? Mkono wangu ukatoka wenyewe, ukashika pindo la koti lake, ukavuta mara mbili. Nikainua macho.

Mzee aligeuka kama aliyemkamata mchomoa mifuko. Kisha akaelewa. Akatafuta kwenye kadi zake alizokwisha kupewa, akachagua ile ya chai, akaniinulia kwa heshima zote. Ukumbi ukapasuka kwa kicheko na kanuni ya kimya ikafia hapo hapo. Nilicheka nao, huku mkono wangu ukiwa bado kwenye koti la watu. Nikautazama. Nilikuwa naujua mkono ule. Kila asubuhi nilikuwa nikiutoa kwenye sweta langu. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, nikaendelea kucheka kwa sababu sikujua la kufanya jingine.

Siku ya tatu mama alimleta binti yake. Mtoto alinijia moja kwa moja, akavuta sweta mara mbili.

"Marahaba," nikasema, nikampapasa kichwani mara moja.

Akashtuka. Akavuta tena. Marahaba. Akavuta ya tatu, sasa kama mtoto aliyegundua swichi ya taa. Marahaba, mwanangu, marahaba! Basi akaanza kuzunguka ukumbi. Akavuta koti la mzee, akavuta gauni la mwezeshaji, akavuta shati la yule wa hesabu mpaka likachomoka kwenye suruali. Marahaba zikatoka kila kona, na ratiba ya mazoezi ikasahaulika.

Mama yake peke yake hakucheka. "Na mimi huwa ananivuta khanga," alisema taratibu. "Kila alfajiri. Namwambia, utanichania." Nikakaa naye kwenye benchi. Baadaye akasema, "Jumatatu atakuja."

Jumatatu nilifika mapema, marahaba iko tayari mdomoni. Foleni ikaja, ikaisha, yeye hakuwamo. Nikajua mama kabadili mawazo. Nikachungulia nje. Alikuwa amesimama ubavuni mwa mlango, pale pale nilipomfundisha kusimama, mikono nyuma, akisubiri nimalize kuita majina.

Furaha yote ya semina ilinishuka. Nilitoka, nikapiga magoti kwenye tope huku darasa zima likinichungulia, nikashika pindo la sweta lake, nikavuta mara mbili. Kwetu mtu mzima hamwamkii mtoto. Nikanyamaza, nikahesabu kimoyomoyo. Nilipofika tisa, aliniwekea mkono kichwani, akanipapasa mara moja, akapita ndani kwenda kukaa kwenye dawati lake.