Chui Niliyemtolea Ushahidi

Mimi chui sikupata kumwona mpaka nilipofika London. Nalisema mapema kwa sababu watu wa ile bustani ya wanyama walinipa kazi wakiamini vingine. Nilikuwa nimetoka Unguja miaka michache baada ya mapinduzi, naishi Kilburn na mke wangu kwenye chumba kimoja cha kupanga. Siku ya intavyuu bwana mkubwa akaniuliza natoka wapi. Nikasema Zanzibar. "Basi simba na chui umewazoea," akasema. Simba wa Unguja yupi, jamani? Lakini mwenye shida ya kazi habishani. Nikapewa fagio, nikapelekwa upande wa chui.

Alikuwa jike, peke yake, kwenye kibanda cha zege chenye wavu wa chuma mbele. Kutwa kucha anakwenda na kurudi. Hatua nane, anageuka, hatua nane, anageuka palepale alipogeukia jana, mpaka zege limefanya njia. Wageni wanafurahi: "Tazama anavyotembea!" Mimi nikimtazama sana kichwa kinaniuma, na hasira zinanipanda nisijue za nani. Nilimhurumia, masikini. Lakini je, anateseka? Ana njaa? Au ndivyo chui walivyo? Ningejuaje mimi!

Palikuwa na daktari wa wanyama, mwanamke mrefu asiyeachana na daftari lake. Yeye alishikilia kwamba mnyama anayezunguka mbali porini ndiye anayeumia zaidi akifungwa, na yule wa kukaa kichaka kimoja hustahimili. Alitaka chui wetu apelekwe mahali pakubwa, nje kabisa ya mji. Kamati ya bustani ikamjibu kuwa chui ni mnyama wa kujificha tu, nafasi haimshughulishi. Basi akanijia nikiwa na fagio langu mkononi, akaniuliza, "Kwenu, chui huenda umbali gani?"

Lo! Nilichokuwa nacho ni kile tulichosimuliwa utotoni tu. Kwetu wanasema chui ana mwenyewe. Mtu humfuga kwa siri na kumtuma kwa mahasimu wake, na akishatumwa hutoka Makunduchi jua likichwa, kabla ya alfajiri yuko Nungwi. Ndicho kisiwa kizima hicho, ncha mpaka ncha. Nikamwambia Makunduchi mpaka Nungwi. Habari ya mwenyewe nikaimeza. Akaleta ramani, akapima kwa rula, macho yakamtoka.

Jioni nilipomsimulia, mke wangu alicheka hata pasi nusura iunguze shati langu. "Wewe! Wewe uliyekuwa ukimkimbia paka wa jirani, leo shahidi wa chui?" Kisha akaacha kucheka. "Kamwambie kweli."

"Nikimwambia, yule mnyama atabaki palepale."

"Na usipomwambia?"

Nikampokea pasi, nikamaliza shati mwenyewe. Wiki ile nilifagia mahali pamoja mara mbili, pengine nikapasahau, na kila nikipita yeye yuko kwenye hatua zake nane.

Kamati ikaniita. Nilivaa tai ya kuazima, nikarudia yaleyale. Mzee mmoja akaniuliza, "Umeona kwa macho yako?" Nikamjibu, "Kwetu kila mtu anajua." Wakaandika. Mpaka leo sijui kama nilisema uongo. Mwezi haukwisha, chui akapakiwa kwenye lori, na mimi nikabaki nafagia kibanda kitupu.

Baadaye daktari alinichukua kwa treni twende tukamtazame. Tulikuta mteremko mkubwa, miti na vichaka, na ua wa waya usioonekana mwisho wake. Tulisimama tangu asubuhi. Hata mkia hatukuuona. Wageni wakaja, wakanung'unika, wakenda zao. Mtunzaji wa pale akatuambia nyama anakula yote, afya anayo, ila amechagua kichaka kimoja karibu na kijito na hapo habanduki. Eneo lote lile hajalitembelea hata robo. Na zile hatua za kwenda na kurudi? "Hatujaziona tangu siku ya pili," akasema.

Daktari akabaki anafunua daftari mbele na nyuma. "Sielewi. Kama ni wa kwenda mbali, mbona haendi?" Nilishindwa kustahimili.

"Daktari," nikasema, "mimi chui wa kwetu sijamwona maishani. Yale ni maneno ya watu. Chui wa uchawi yule." Nikamweleza yote, ya kufugwa na ya kutumwa, jasho linanitoka na baridi ile.

Hakunifokea. Aligeuka kuvitazama vichaka. Kisha akauliza, polepole, "Basi tumrudishe?"

"Hasha! Wallahi, hapana!" Nilipiga ukelele mpaka watu wakageuka, na nikajikuta nimeushika waya kwa mikono miwili.

"Kwa nini?" akaniuliza, kalamu tayari mkononi.

Nikafungua kinywa. Nilichokuwa nacho ni zile hatua nane tu, nami sikujua zinaandikwaje.