Uso wa Kaka yake Siok-luan

Kaka yake Siok-luan alipigwa risasi na askari wa serikali mbele ya stesheni ya Chiayi, kule Taiwan, mwaka arobaini na saba. Siku hiyohiyo mama yao akazitia picha zake zote motoni, zikateketea, kwa hofu tu. "Mtoto ana masikio, hana mdomo," akamwambia binti. Basi binti akaufyata miaka arobaini na ushei, akiuza wali wa bata mzinga, huku uso wa kaka ukimponyoka kidogo kidogo. Na hilo ndilo lililomtia kiwewe: akiusahau yeye, nani mwingine anao?

Mara wakaja watu wa filamu kuyaigiza mauaji yale palepale stesheni. Siok-luan akafunga kibanda, akajipenyeza hadi kwenye kamba ya kuzuia watazamaji. Huenda akiona, atakumbuka.

Bunduki zikalia. Kijana mmoja akaanguka chali.

"Siyo hivyo!" Siok-luan akapiga yowe. "Kaka alianguka kifudifudi!"

"Kata! We mama, unatuharibia kazi!" msaidizi wa mwongozaji akafoka. "Hebu mrudisheni nyuma."

Hata jina la huyo kaka hawakumuuliza. Wangeuliza, wangepungukiwa nini?

Kazi ilipokwisha, yule kijana akapewa bahasha nyekundu. Ndiyo desturi: aliyeigiza maiti hupewa hela za kuondoa mkosi, na sharti azimalize kabla hajarudi kwake. Akaja kuzimalizia kwa Siok-luan, damu ya rangi ingali shingoni.

"Mama, wali! Na mchuzi usinibanie, mwenzio nimekufa leo."

Siok-luan akacheka, machozi yakamtoka. Akamjazia bakuli, akaketi mbele yake akimkodolea macho.

"Kula, kaka," akasema. "Wali mwingine upo."

Kijana aliona haya, lakini njaa haina haya. Akala, akashukuru, akaenda zake. Siku hiyo Siok-luan alilala na furaha ambayo hakuwahi kuijua.

Asubuhi akawasha udi mbele ya madhabahu ya wazee, akafumba macho kuuita uso wa kaka yake. Akaja yule kijana, shavu limejaa wali. Akamfukuza. Akaita tena, kwa jina, kwa sauti, hadi jirani akagonga ukuta. Akaja yuleyule, wala nyuma yake hapakuwa na mtu.

Siok-luan akaporomoka sakafuni.

"Wamekuchukua tena, kaka," akalia, "na safari hii nimewapakulia wali kwa mkono wangu."