Nyimbo za Jiweni Mbele ya Mzee Ibrahimu

Ukimuuliza dada yangu Penina anafanya kazi gani, tafuta kwanza pa kukaa. Anaandaa maonyesho ya sanaa, anaandika vitabu, anatafsiri fasihi ya Kigogo kwa Kiswahili. Shangazi yetu bado anamwombea apate kazi. Ofisi ya utamaduni hapa Dodoma wanamwita "yule mama wa vyungu", na kila akipeleka wazo anaambiwa avute subira. Mimi ningeshawavunjia hivyo vyungu. Yeye anasubiri kweli, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Safari hii aliandaa maonyesho ya mawe ya kusagia, pamoja na nyimbo za Kigogo za Bibi Anastazia wa Chamwino. Kwa kina Bibi, mwanamke akipiga magoti jiweni husema yote: mume, mawifi, njaa. Anayaimba, na hakuna wa kumhoji. Akishainuka pale, basi, hayasemwi tena.

Bibi aliolewa na Mzee Ibrahimu, mfanyabiashara Mrangi wa Kondoa, ambaye miaka yote hiyo hakujishughulisha kujifunza Kigogo. Nyumbani walizungumza Kiswahili. Bibi alimpa Penina nyimbo zake kwa sharti moja: siku ya ufunguzi zisomwe kwa Kiswahili, Mzee akiwa amekaa pale anasikia, kabla mmoja wao hajafukiwa.

Siku ikafika. Bibi na Mzee waliketi tangu asubuhi. Mgeni rasmi alikuwa kikaoni Mtumba, kwenye mji wa Serikali, na bila mgeni rasmi hata maji hayagawiwi. Alipoingia, jua limeshapinduka, ukaanza utambulisho. Wakatambulishwa wakuu wa idara, wasaidizi wao, mpaka mke wa mtu aliyetoa udhuru! Bibi alikuwa anasinzia. Ndipo mshereheshaji akakumbuka kutazama saa.

"Ndugu zangu, muda si rafiki. Hizi nyimbo tutaziruka, tukate utepe, tukapate chakula."

Penina akasimama. "Samahani, nyimbo ndiyo maonyesho yenyewe."

"Mama, tuzingatie itifaki," akajibiwa, na muziki ukafunguliwa. Nilitamani kumzaba mtu kibao.

Watu walikimbilia pilau. Penina hakugombana na yeyote. Alivuta kiti mpaka mbele ya wale wazee wawili, akafungua kitabu cha tafsiri yake na kusoma kwa sauti ya kukemea watoto, maana spika zilikuwa zinatupigia kelele kichwani.

"Jiwe, nisikilize wewe. Mtoto nimemzika na majirani. Baba yake yuko mnadani. Akirudi nitamsongea ugali, na unga ataukuta laini."

Mzee Ibrahimu aliinua mkono. "Rudia hapo, mwanangu."

Penina akarudia, polepole. Mzee akavua kofia yake, akaiweka magotini. Mtu mmoja akapita na sahani akitutaka radhi tumpishe. Nilimtazama kwa jicho ambalo hatalisahau.

"Siku ile nilifika jioni," Mzee akamwambia mkewe. "Nikakukuta unasaga, unaimba. Nikasema alhamdulillahi, mke wangu moyo umeshapoa."

Bibi Anastazia hakuwa na usingizi tena. Alikuwa anamtazama yeye tu.

"Nilikuwa nakuambia," akasema.