Mama Eksi na kompyuta kumi na mbili zenye swali moja

Saa moja kasoro dakika kumi asubuhi, kengele ya chuo bado haijalia, mtunza maabara ya kompyuta anapita meza hadi meza, kitambaa mkononi, akizijulia hali mashine zake. Kila moja anaiandikia swali lilelile: nusu jumlisha theluthi. Ikijibu tano juu ya sita, anaifuta vumbi na kusonga mbele. Ikijibu vinginevyo, haondoki hapo.

Wanachuo wanamwita Mama Eksi, na yeye analipenda jina hilo kuliko cheo kilichobandikwa mlangoni. Leo hata chai hakuimaliza. Saa tatu kamili kuna jaribio la aljebra, na mkuu wa chuo atakaa humu mwanzo hadi mwisho. Ameshasema wazi kwamba mashine zikigoma kama muhula uliopita, chumba kitageuzwa stoo ya viti.

“Viti vinaweza kukaa popote,” Mama Eksi ananung’unika, akiwasha ya nne. “Hawa wangu nitawapeleka wapi?”

Hawa wake ni kompyuta kumi na mbili, na kila moja imefika kwa njia yake. Tano zinatumia mfumo wa Windows, sita Linux, na moja ni Mac iliyoachwa na mhasibu aliyestaafu. Hiyo inaitwa Bwana Mkubwa, kwa sababu haifungui kitu kabla ya kuuliza maswali. Ile ya dirishani, nzito na kongwe kuliko zote, ni Bibi.

Miaka miwili iliyopita mwalimu wa hisabati aliomba programu ya aljebra. Hakutaka kikokotoo cha namba tu. Alitaka ile inayoelewa herufi, ambayo ukiipa mlinganyo inakutafutia eksi, na ukiipa fungu refu la herufi na namba inalivunjavunja kuwa mabano mafupi. Ya kulipia chuo hakikuiweza. Mama Eksi akapata ya bure mtandaoni, akaiweka kwenye mashine yake ikakubali, akainakili kwenye flashi na kuizungusha maabara nzima kutwa.

Zilizoifungua zilikuwa tano. Saba zilimtolea macho.

“Nilirudi nyumbani nimenuna, hata salamu sikuitikia,” anasimulia, sasa akicheka mpaka kitambaa kinamtoka mkononi. Mumewe ni fundi cherehani ambaye hata kuwasha kompyuta hajui. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza tangu lini wateja kumi na wawili wakashonewa nguo kwa kipimo kimoja.

Kesho yake Mama Eksi aliusoma upya ule ukurasa wa mtandaoni, safari hii bila papara. Kumbe kila mfumo ulikuwa na faili lake. Aliyapakua upya, mtandao wa chuo ukamkatikia mara nne, mwishowe akabeba laptopu hadi kwa shemeji yake mwenye duka la fotokopi. Bibi hakuliweza toleo jipya, akatafutiwa la zamani.

Mumewe akampa daftari jipya la vipimo, lile la mafundi. Palipoandikwa kifua, kiuno na urefu, Mama Eksi alikata na kuandika mfumo, kumbukumbu na toleo. Kila mashine ina ukurasa wake. Mpaka leo hagusi kompyuta kabla hajafungua daftari hilo.

Saa mbili na nusu, kumi na moja zimeshajibu tano juu ya sita. Bibi anajibu sifuri nukta nane tatu tatu tatu, tatu zimejipanga kama askari.

Mama Eksi anapiga hesabu. Wanachuo ni ishirini na wanne, wawili kwa kila mashine, na hakuna ya akiba. Anafungua daftari, hakuna linalomsaidia. Anaamua kuiondoa programu na kuiweka upya, ingawa kwa mwendo wa Bibi hiyo ni kazi ya dakika arobaini. Mkuu wa chuo naye anaingia mapema, mikono nyuma.

Kidole kimeshafika kwenye “ndiyo” pale mwalimu wa hisabati, aliyeingia nyuma ya mkuu, anapoinama begani kwake.

“Mama, hebu soma ulichomwandikia.”

Anasoma. Kwa haraka zake, nusu ameiandika sifuri nukta tano. Programu hii ukiipa sehemu inakurudishia sehemu, na ukiipa desimali inakujibu kwa desimali. Anaandika moja juu ya mbili. Bibi anafikiri kidogo, kisha anatoa tano juu ya sita.

“Kwa hiyo Bibi hana kosa,” anasema mkuu.

“Hana hata chembe,” Mama Eksi anakiri. “Aliyehitaji kuwekwa upya ni mimi.”

Mkuu anacheka, anavuta kiti, na mpaka wanachuo wanaingia bado anamuuliza Bibi maswali aliyoshindwa enzi zake za shule. Jaribio linakwisha saa tano. Hakuna mashine iliyogoma, na majibu ya mashine zote kumi na mbili yanafanana. Akitoka, mkuu anamwambia mwalimu kwamba viti vitafutiwe banda. Mama Eksi anajifuta machozi kwa kitambaa kilekile cha vumbi, na hakuna anayethubutu kumwambia alivyojipaka.

Kuna jambo wanachuo wake hawalijui. Aliacha shule kidato cha pili, na somo lililomshinda lilikuwa hili hili. Kwa miaka miwili sasa, kila mchana anatatua maswali kwa penseli, kisha anamwomba Bibi amsahihishie.

Anafungua daftari la vipimo ukurasa wa kumi na tatu. Kwenye safu ya mfumo ameandika jina lake, na katikati amebana fomu ya kujisajili kwa mtihani wa hisabati wa mwakani, imejazwa yote.

“Humo mtihanini hakuna Bibi wala mwalimu begani,” anasema, akiikunja fomu polepole. “Ila nusu nitaiandika moja juu ya mbili.”