Chapati za Chuma

Mwezi uliopita walimu wenzangu walinipeleka kula kwenye mgahawa mmoja hapa Moshi mjini, mmojawapo wa ile ya watalii wanaoshuka mlimani, kumuaga mwenzetu aliyestaafu. Mimi si mtu wa migahawa hiyo. Nilienda kwa heshima tu, nikijua nitakula chipsi na kurudi zangu mtaani kwetu Soweto kusahihisha madaftari. Hatujakaa vizuri, nikasikia nyuma yangu chuma kikifunikwa juu ya chuma, kimya kidogo, halafu tena. Nikageuka. Kijana wa jikoni alikuwa amesimama nyuma ya kaunta na kibanio cha mviringo chenye mpini. Anaweka donge la unga wa mahindi, anafunika, anabonyeza mpini, anabandua chapati nyembamba na kuitupa kwenye kikaango. Harufu ikanifikia. Rafiki yangu, nililia pale pale mezani, mbele ya mwalimu mkuu, na wenzangu wakadhani namlilia mstaafu.

Yule kijana alipotuletea sahani akaniuliza, "Mama, ushawahi kula tortilla? Chakula cha Meksiko hiki."

Nikamwambia hapana. Ningeanzia wapi? Nimwambie kwamba nilizila hizo kabla yeye hajazaliwa, huko juu kwetu, katikati ya migomba? Kwamba bibi yangu alizipika kila Jumapili, na kile chuma chake nilikitoa mimi mwenyewe kwa mikono yangu hii? Bibi tumeshamzika. Katika mwaka wake wa mwisho nilikuwa nataka kitu kimoja tu, ale chapati moja kutoka mkononi mwangu, aniambie amenisamehe. Ngoja nikusimulie, maana nimechoka kukaa na jambo hili peke yangu.

Bibi ndiye aliyenilea. Baba na mama walikuwa kwenye kazi mikoa ya mbali, na mimi nilibaki kihambani, kwenye shamba letu la migomba na kahawa. Ujanani mwake bibi alikuwa mpishi wa masista wa parokia. Kati yao alikuwepo sista mmoja wa Meksiko, mfupi, mcheshi, ambaye hakuweza kuishi bila mkate wa kwao, na chuma cha kubania alikuja nacho ndani ya sanduku lake la nguo. Alipozeeka na kurudishwa kwao, alimwachia bibi kile chuma. Vilikuwa visahani viwili vizito vyeusi vilivyoungwa kwa bawaba, na mpini wa kubonyezea. Sista alikuwa na jina lake la chakula kile. Sisi tuliziita chapati za chuma, na mtaa mzima ukaziita hivyo hivyo.

Usifikiri ni kazi ya kuchota unga kwenye mfuko na kukanda. Mahindi yalitoka shamba la chini, kule tambarare kwenye joto, na yalikaa darini juu ya moto wa jikoni yakila moshi miezi na miezi. Jumamosi bibi alishusha mahindi kadhaa, tukapukuchua wote wawili tumekaa kwenye vigoda. Halafu alichekecha majivu. Sista alikuwa akichemshia mahindi kwenye chokaa, lakini chokaa yake ilipoisha bibi alisema hatuwezi kula rangi ya ukuta wakati majivu tunayo. Alikausha maganda ya ndizi juu ya paa la banda la ng'ombe, akayachoma peke yake, na majivu yake akayatunza kwenye kopo la maziwa ya unga. Hayo ndiyo aliyotia kwenye sufuria ya mahindi, na maji yakageuka rangi ya chai iliyokolea.

Kiasi gani cha majivu? Hapo ndipo ninapojipiga kifua mpaka leo. Bibi hakupima kwa kikombe wala kijiko. Alichovya kidole kwenye maji yale, akakigusisha kwenye ulimi, akafumba macho. Akiongeza kidogo alionja tena. "Mpaka ulimi useme basi," aliniambia. Kila Jumamosi alininyooshea kidole chake kimelowa maji ya majivu nionje na mimi. Kila Jumamosi nilikunja uso nikageukia pembeni, kwa sababu shuleni tulikuwa tumefundishwa usafi na mimi nilijiona msomi. Alicheka tu. "Haya, iko siku utaonja." Hakuwahi kunilazimisha, na sasa natamani angenifinya masikio.

Mahindi yalilala kwenye maji yale hadi asubuhi. Baada ya misa ya kwanza tuliyaosha kwenye mfereji uliopita kihambani, na maganda yake yakaelea na kwenda zake kwa jirani wa chini. Kisha jiwe la kusagia. Bibi alisaga amepiga magoti, mabega yanaenda na kurudi, na unga mbichi ukashuka mbele ya jiwe, mlaini, wenye harufu ambayo siwezi kukueleza. Mimi nilitumwa kukata jani la mgomba, changa, lisilochanwa na upepo. Tulilibabua motoni likalainika, tukalikata vipande viwili. Kimoja chini, kimoja juu, donge katikati, ili lisigande kwenye chuma.

Kubonyeza ilikuwa kazi yangu, na nilijivunia kuliko cheo chochote nilichopata baadaye. Nilikuwa mwembamba, kwa hiyo nilining'inia kwenye ule mpini na mwili mzima. Bibi alinikemea, "Bonyeza, usikanyage. Chakula hakipigwi." Unabonyeza kidogo, unageuza donge nusu mzunguko, unabonyeza tena, basi. Ukizidisha nguvu chapati inachanika pembeni. Yeye alikuwa kwenye kikaango, anageuza kwa vidole vitupu, na chapati ikipanda puto katikati alisema, "Hii imekubali."

Tulikula na maharage, au parachichi na chumvi, au maziwa mgando kutoka kibuyuni. Jirani yetu, mama mmoja Mlutheri mwenye mdomo, alikuwa anatokea uani saa ile ile kila Jumapili akijidai amekuja kuazima moto. Bibi akamwambia, "Nyie Walutheri moto wenu huzimika Jumapili tu?" Naye akajibu kwamba mchungaji wao alikuwa amefupisha mahubiri makusudi ili waumini wawahi chapati za Wakatoliki. Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Sikujua kwamba ile ndiyo raha yenyewe. Nilidhani ni Jumapili ya kawaida na kwamba ziko nyingi.

Nikakua, nikasoma, nikaajiriwa, nikaolewa Soweto. Nilipanda kwa bibi Pasaka na Desemba. Na Desemba unaijua kwetu: kila Mchagga popote alipo anafunga safari kurudi nyumbani, na akifika anataka aonekane amefanya kitu. Desemba moja, mimi na kaka zangu tukakaa kikao tukaamua bibi amehangaika vya kutosha. Tumjengee nyumba ya vigae, jiko la gesi ndani, bomba ndani. Hatukumuuliza. Kwa nini umuulize mtu kama anataka kupumzika? Jiko lake la zamani, lile la mafiga na dari ya moshi, tukaamua libomolewe, maana lilikuwa linaaibisha nyumba mpya kwenye picha.

Desemba iliyofuata nyumba ilikuwa imesimama, na mimi, mjukuu wa kwanza, nikapewa kazi ya kutoa vitu. Bibi alikuwa ameenda kwenye sala za jumuiya. Akapita mnunuzi wa vyuma chakavu na mkokoteni wake. Nikampa jembe lililokatika, sufuria zilizotoboka, fremu ya baiskeli ya babu. Akauliza, "Na hiki?" Alikuwa amekishika kile chuma. Kilikuwa na kutu kwenye bawaba, kimejaa vumbi la majivu. Nilikuwa nimechoka, simu inaita, mafundi wanasubiri. Nikasema, "Chukua tu." Akanipa beseni jekundu la plastiki, tukaachana.

Bibi aliporudi alizunguka lile tuta la matofali ya udongo lililokuwa jiko lake mara mbili. Akaniuliza, "Chuma changu umekiweka wapi?" Nikamwambia, "Bibi, tutakununulia mashine ya kisasa." Alinitazama kidogo. Akasema, "Haya." Basi. Hakuninunia wala hakunisema kwa mtu. Siku ya Krismasi tulichinja, tukala, tukapiga picha mbele ya vigae, na yeye alisema ameshiba.

Waswahili wanasema majuto ni mjukuu. Kwetu mjukuu alikuwa mimi.

Baada ya hapo bibi akaanza kupotea, kidogo kidogo. Alisahau siku, akasahau majina ya kaka zangu, akaanza kuniita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Jiko la gesi aliliogopa. Alikaa barazani kwenye kiti cha plastiki, mikono mapajani, haina la kufanya. Halafu akaacha kula. Mtori wa ndizi, uji, maziwa, kila kitu alikisukuma. Akasema anataka chapati zake za chuma, na hilo tu hakulisahau.

Nilitafuta, rafiki yangu. Nilimsaka yule mnunuzi mpaka nikamwona, akanipeleka ghala wanakokusanyia mjini. Msimamizi wa pale alinisikiliza kwa adabu yote. Akasema, "Pole, mama. Mzigo ule ulishayeyushwa. Kitu chako saa hizi ni nondo kwenye ghorofa la mtu." Nikaenda kwa fundi wa kuchomelea pale sokoni Kwa Sadala, nikamchorea kwenye karatasi, akanitengenezea kingine kwa vipande vya bati nene na bawaba za mlango. Hakikuwa kibaya. Mahindi nikanunua. Jani la mgomba nikakata kihambani, ingawa migomba yenyewe ilikuwa imebaki michache, kaka zangu walishapunguza kupisha maegesho ya magari.

Majivu ndiyo yaliyonishinda. Sisi sote pale tulikuwa tunapikia gesi. Yule jirani Mlutheri alishatangulia mbele za haki, na watoto wake wamefunga nyumba wako Dar. Nikaomba majivu ya mkaa kwa mama anayekaanga samaki barabarani. Nikayatia kwenye sufuria, nikachovya kidole, nikakigusisha kwenye ulimi, nikafumba macho kama alivyofanya yeye. Ulimi wangu haukusema kitu. Ungesema nini, na haujafundishwa? Nikakisia. Asubuhi nikasaga kwa mashine, nikabonyeza, zikapasuka pembeni zote.

Nilimpelekea moja, ile iliyopasuka kidogo kuliko zote. Bibi akaipokea kwa mikono miwili, akainusa, uso ukachangamka, na moyo wangu ukapanda. Akang'ata. Akatafuna mara mbili, akaitema polepole kwenye ncha ya kanga yake ili mpishi asione. Akanigeukia, akaninong'oneza kama siri, "Aliyepika hajafundishwa na mtu."

Nilijaribu tena mara tatu, na mara zote ilikuwa hivyo hivyo. Akawa mwepesi, unamnyanyua kitandani kama mtoto. Ndipo nikaamua kufanya ambalo wazee wetu hufanya likishindikana jingine. Nilikata jani la isale kwenye mpaka wa kihamba, nikalifunga fundo. Kwetu ukimletea mtu isale umekiri kwake kosa lako lote, na yeye hana ruhusa ya kukataa, hata kama ulimuua ndugu yake. Niliingia chumbani, nikapiga magoti kwenye vile vigae vyetu, nikasema shikamoo, nikamwambia, "Bibi, ni mimi. Chuma chako nilikitoa mimi. Nimekuja kukuomba msamaha."

Lile jani alilijua. Kichwa kilikuwa kimeshasahau watu wote lakini mikono ililijua. Alilipokea, akaliweka kifuani, akanitazama usoni muda mrefu, na nikaona hanitambui hata kidogo.

"Nimekusamehe, mama," akasema. "Sikujui, wala sijui ulinikosea nini, lakini nimekusamehe. Sasa nisaidie jambo moja. Ukipita barabarani ukimwona mjukuu wangu, mwambie asichelewe. Mahindi yameshalala kwenye majivu, na mimi mikono yangu haina tena nguvu ya kubonyeza."

Nikamwambia nitamwambia.

Kwa hiyo msamaha niliupata, lakini alipewa mgeni aliyepita. Yule mjukuu hakusamehewa, kwa kuwa kwa bibi hakuwa na kosa. Alikuwa amechelewa tu njiani. Kaka zangu wananiambia nijifariji, kwamba alikuwa mzee, kwamba tulimjengea nyumba nzuri. Nyumba ni nzuri kweli, na hakuna anayeishi ndani yake. Katika ukoo wetu wote, kuanzia juu kwetu mpaka waliooa na kuolewa kule mpakani Tarakea, hakuna ulimi hata mmoja unaojua majivu yanatosha lini. Ulikuwa mmoja, wa bibi, na kidole chake nilinyooshewa mimi kila Jumamosi kwa miaka yote ile.

Bibi aliishi siku nne baada ya isale. Kila mlango ulipofunguka aliinua kichwa kidogo kuangalia kama ni mjukuu wake, halafu akakirudisha kwenye mto. Nami nilikuwa nimekaa hapo hapo kitandani, nimemshika mkono.